Arobaini na Nne si Jirani wa Arobaini na Tano

Nimerudi Tanga tangu juzi na miguu bado imevimba. Jana usiku mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, akaniuliza Nairobi kuna nini. Nikamwambia kuna mtoto mzuri na kuna mabasi. Mtoto nitamwandika siku nyingine.

Nilikwenda kumwangalia mdogo wangu aliyejifungua. Kufika hakukunisumbua: Horohoro, Lungalunga, kivuko cha Likoni, basi la usiku, alfajiri niko Nairobi. Nilibeba begi moja na kiroba cha machungwa ya Muheza, maana mzazi alishanipigia kulalamika kwamba anayouziwa kule hayana maji. Mume wake alikuwa kazini, kwa hiyo maelekezo nilitumiwa mapema nikayanakili kwenye karatasi. Yalikuwa mafupi: nenda mjini, panda gari la Githurai 45.

Hapo ndipo Utanga uliponiponza. Mtu aliyekulia Ngamiani akiona jina la mahali limefuatwa na namba, hajiulizi. Mji wetu umehesabiwa, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Mimi ni wa ya 15, na mwanangu wa darasa la pili nikimtuma ya 12 anakwenda na kurudi chai haijapoa. Basi nikaelewa nilivyoelewa: kuna mji unaitwa Githurai, na humo ndani iko barabara ya 45. Nikawasifu kimoyomoyo, kwa barabara wametuzidi.

Kwenye sanamu ya Tom Mboya, yule mwanasiasa wao wa zamani, ndipo nilipoweka kiroba chini nipumue. Kosa. Sisi Tanga mjini, kwa sensa ya 2022, hatufiki laki 4. Wenzetu walihesabiwa mwaka 2019 wakapita milioni 4, na asubuhi ile naamini nusu yao walikuwa wanakiruka kiroba changu. Hakuna anayekusukuma kwa ubaya. Hakuna tu anayesimama. Na kila kona kijana mmoja anaita namba, mwingine anapiga bodi ya gari kwa kiganja, muziki unatikisa mpaka vioo. Nilimsalimia mmoja nikamuuliza kwa utaratibu, kama nilivyolelewa, kama gari la Githurai hupatikana hapo.

"Githurai foti fo! Ingia mathe, ni finje, beba beba!"

Katika maneno yale nililolijua ni "ingia". Lakini na 44 nililisikia, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani: 44 na 45 ni barabara ya jirani, nitashuka nitembee. Nikaingia.

Viti vilikuwa vimejaa. Makanga, ndivyo wanavyomwita konda, akachomoa ubao nyuma ya kiti, umeshonewa kitambaa chekundu juu ya sponji iliyolika upande mmoja. Akaulaza katikati ya njia, ncha huku kwenye kiti hiki na ncha kule kwenye kile, akaupangusa vumbi kwa mkono kama mtu anayemtandikia mgeni. Wanauita sambaza. Nikakaa, paja moja kwa mwanafunzi wa chuo, la pili kwa mzee mwenye gazeti. Kwa mbele yangu mkanda wa kiti unaning'inia, hauna wa kumfunga. Ile mistari ya njano ubavuni mwa magari yao ilikuja na kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004, pamoja na mikanda, vidhibiti mwendo na sare za wafanyakazi. Mstari nimeuona. Kwa ubao kanuni haikuwa na mkanda.

Nikamwamkia yule mzee, shikamoo. Akakunja gazeti kabisa, akanitazama. "Wewe umetoka Tanzania."

Ikafika zamu ya nauli. Nikatoa noti ya mia, kijana akaishika, halafu akaonyesha kidole kwenye kiroba.

"Mathe, hiyo mzigo ni mbao."

"Hapana mwanangu," nikasema, "si mbao. Ni machungwa."

Gari zima liliangua kicheko. Hata dereva nilimwona mabega yanacheza. Mimi nikafungua mdomo wa kiroba ili waone wenyewe, wakazidi. Yule mzee ndiye aliyenionea huruma: mbao ni shilingi 20, finje ni 50, soo ni 100. Makanga akachukua chungwa moja badala ya mbao yake, akanirudishia hamsini, na nadhani alipata hasara au alipata faida, sijui, lakini alilimenya kwa meno palepale mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine hewani.

Niandike ukweli, nimewahi kuwacheka hawa watu. Sisi wa pwani tuna kiburi hicho. Mkenya akisema "gari imejaa" tunamrekebisha hata hatukuulizwa. Asubuhi ile gari ilikuwa imejaa kweli, na asiyesikia lugha nilikuwa mimi. Halafu ukiangalia, hata majina ya magari yetu yamezaliwa na mama mmoja. Matatu ni zile senti thelathini za zamani, vipande vitatu vya kumi. Daladala ni dala, sarafu ya shilingi tano, nauli ya enzi zile. Wote tumeyaita kwa pesa waliyotutoa mfukoni.

Nikashushwa. Nikamuuliza kijana wa bodaboda barabara ya 45 iko upande gani. Akasema barabara ni moja tu, ile pale, Thika Road. Nikamwambia hapana, ya arobaini na tano, hii si ya arobaini na nne? Akaita mwenzake asikilize. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki, kisu hakikusimama mkononi, ndiye aliyenifungua macho. Hakuna barabara. 44 na 45 ni namba za matatu zinazokuja huku, watu wakazoea kutaja namba mpaka ikawa jina la mahali. Hii ni Githurai moja, ile ya mdogo wako ni nyingine, iko ng'ambo ya barabara kuu, na ukivuka umeshatoka Nairobi uko kaunti ya Kiambu.

Yaani kwetu unaruka mtaro. Kwao unaruka kaunti.

Nilipanda daraja la waenda kwa miguu na kiroba kichwani, magari yanapita chini yangu mistari kwa mistari mpaka ngazi zikawa zinatetemeka, au ni magoti. Mdogo wangu alinifungulia mlango mtoto yuko begani. "Dada, si walikuandikia foti faivu?" Nikamwambia nipe maji kwanza.

Siku tisa nilizokaa, mjini nilikwenda mara mbili. Mara ya pili mvua ilinyesha na finje ikageuka soo bila maelezo. Akina mama wakalalamika, wakalipa, nikalalamika nao, nikalipa. Nilipokaribia kushuka nikasikia sauti inasema "shukisha hapo", nikageuka kumtazama aliyesema. Ilikuwa yangu.

Leo asubuhi nimetoka sokoni na Hiace. Tulikuwa watu saba, redio inasoma taarifa za mechi ya jana, konda anapiga mswaki wa mti dirishani. Akaniuliza, "Mama, unashukia ya ngapi?"

"Ya kumi na tano."

Akanishusha ya kumi na tano.