Nilivyochapa riwaya yangu bila kukopa

Mimi ni mhasibu wa saccos hapa Morogoro, na mswada wa riwaya yangu ulipokamilika nilichukua daftari nikachora safu mbili. Ya kwanza niliiita "watasifia", ya pili "watanunua". Ya kwanza ilijaa jioni ileile: wanakwaya wenzangu, majirani, niliosoma nao, ndugu wa pande zote mbili. Ya pili niliijaza polepole, jina moja moja, na mtu hakuingia humo mpaka atoe hela. Idadi ya nakala nilizochapa ilitoka kwenye safu hiyo ya pili, na ndiyo maana leo sidaiwi na mtu.

Nalisema hili mapema kwa sababu kila mwandishi chipukizi anayenitafuta huanza kwa kuuliza bei ya kuchapa. Bei ya kuchapa unaijua kwa kupiga simu mbili tatu. Kazi iko kwenye kujua nani atatoa shilingi elfu kumi yake akuachie, wakati hujawahi kuandika kitabu kingine.

Njia ya mchapishaji niliifikiria. Mkataba wa kawaida uko hivi: yeye analipia uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji, wewe unapata mrabaha, yaani fungu lako kwenye kila nakala inayouzwa, ambao mara nyingi huwa kwenye asilimia kumi hivi. Wapo wanaolalamika kwamba ni kidogo. Mimi naona ni haki, maana hasara ikija ni ya kwake peke yake. Ila wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya mtu asiyejulikana inaweza kukaa foleni muda mrefu. Ukiamua kupita huko, soma mkataba kipengele kwa kipengele: unatoa haki kwa miaka mingapi, kwa lugha zipi, na kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa tena, haki zinarudi kwako lini. Na akitokea anayejiita mchapishaji halafu anataka wewe ulipie kila kitu, huyo ni mchapaji aliyevaa tai. Mlipe kama mchapaji, haki zako baki nazo.

Zipo pia tuzo. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuna ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti yake kabla hujaenda kwa mchapaji, kwa sababu mswada na kitabu kilichokwisha kutoka havihesabiwi kuwa kitu kimoja.

Pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwa mhariri. Nilimtafuta mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyewahi kuhariri vitabu, na kabla hatujapatana bei nilimwomba aniharirie kurasa tatu tu, kwa malipo. Kurasa tatu zinatosha kukuonyesha kama mtu anasahihisha nukta na mkato peke yake au anaisoma hadithi. Wangu alirudisha swali pembeni: "Huyu mama amejuaje habari za msiba kabla simu haijapigwa?" Nikajua nimempata. Tulielewana bei kwa ukurasa, nusu mwanzoni, nusu kazi ikiisha, tukaandikishana.

Tulichobishania zaidi ni mazungumzo. Riwaya yangu ina konda wa daladala wa Msamvu, stendi yetu ya mabasi, na Mwalimu alikuwa akimnyoosha lugha kila anapofungua mdomo.

"Mwalimu," nikamwambia, "konda wa Msamvu hasemi 'tafadhali sogeeni nyuma ili wengine wapate nafasi'."

"Anasemaje, mama?"

"Anasema 'banana huko, gari haijajaa'."

Akacheka, kisha akanipa sharti ambalo nimelishika mpaka leo: midomo ya wahusika ni yao, lakini msimulizi lazima aeleweke Mombasa, Bukavu na Songea. Kwa hiyo konda alirudishiwa maneno yake, na mimi nikaondoa misemo ya mtaani kwetu iliyokuwa imejipenyeza kwenye simulizi. Ubishi ule ulinifunza kuandika kuliko semina zote nilizohudhuria. Mhariri akikukubalia kila kitu, dai pesa yako.

Sambamba na hilo, niliwapa mswada wasomaji watatu wasio waandishi, mmoja akiwa fundi cherehani. Sikuwauliza kama wameipenda, maana wangesema ndiyo. Niliwauliza: "Ulisinzia wapi?" Wawili walitaja sura ileile. Niliikata nusu.

Mambo ya ofisini hayana makuu. Namba ya ISBN, ile inayotambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13, na za Tanzania utazitambua kwa 9976, 9987 au 9912 baada ya 978. Ukitoa kitabu cha karatasi na cha kielektroniki, kila kimoja kina namba yake. Namba hiyo haikupi hakimiliki, ingawa wengi wanadhani hivyo. Hakimiliki unayo tangu ulipoiandika kazi yako, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ni kujiwekea ushahidi, na mimi nilisajili. Kumbuka pia kwamba sheria inakutaka upeleke nakala Maktaba ya Taifa kitabu kikitoka. Ziweke kwenye bajeti.

Sasa uchapaji. Mswada wangu ulikuwa na maneno kama elfu arobaini. Kwa ukubwa wa A5, na maneno 250 hadi 270 kwa ukurasa, hiyo ni takribani kurasa 160. Si bahati kwamba niliishia hapo. Mashine za ofseti huchapa karatasi kubwa inayokunjwa, na kurasa huhesabika kwa makundi ya 16. Ukizidisha kurasa tatu, unalipia kundi jingine zima, au unabaki na kurasa tupu mwishoni. Mpangiliaji, yaani aliyenipangia kurasa, alipoleta 165, tulipunguza nafasi za mwanzo wa sura tukarudi kwenye 160.

Ofseti ina gharama ya kutengeneza pleti, yaani bamba la kuchapia, ambayo unailipa hata ukichapa nakala moja, kwa hiyo bei ya nakala hushuka kadiri idadi inavyopanda. Hapo ndipo mchapaji atakapokushawishi: "Dada, ongeza kidogo tu ufike elfu moja, bei inaporomoka." Ni kweli inaporomoka. Lakini nakala mia saba zilizolala chini ya kitanda hazikuwa rahisi, hata kama kila moja ilipungua shilingi elfu moja. Ikiwa safu yako ya pili ina majina hamsini, nenda kwenye mashine ya dijitali isiyohitaji pleti, lipa zaidi kwa nakala, ulale. Wa kwangu walivuka mia mbili, nikachapa mia tatu kwa ofseti.

Kabla ya kuruhusu mashine iwashwe, omba nakala moja iliyofungwa kamili. Ifungue katikati kwa nguvu, bila huruma. Karatasi zikiachia, gundi ni mbovu, na wateja watakurudishia. Jalada nililipunguza kwenye simu hadi ukubwa wa dole gumba, kwa sababu mnunuzi wangu angeliona kwanza kwenye status ya WhatsApp, na jina la kitabu lilipaswa kusomeka hapo.

Bei niliipanga hivi, kwa tarakimu za mfano. Nakala imekugharimu 4,000 kiwandani, unaiuza 10,000. Watu wanaona faida ya 6,000. Duka likichukua asilimia 30, imebaki 3,000. Toa usafiri na bahasha, 500. Hiyo 2,500 ndiyo inayopaswa kurudisha pesa ya mhariri, mpangiliaji na mchora jalada kabla hujaiita yako. Ndiyo maana niliuza kwa mkono kwanza, maduka baadaye. Walioagiza mapema niliwapunguzia bei, wakalipa kwa Lipa Namba, na pesa yao niliiweka kwenye akaunti ya peke yake ambayo sikuigusa mpaka siku ya kumlipa mchapaji. Kila mmoja alipata risiti. Pesa ya mtu ambaye hajapata mzigo bado ni yake.

Dukani niliweka kwa mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa, nakala tano tano, na karatasi ya makabidhiano iliyosainiwa ikitaja idadi, bei na tarehe ya kufanya hesabu. Bila karatasi hiyo utazungushwa. Wateja wa Iringa, Mbeya na Dodoma nawatumia kwa basi kutoka Msamvu: nafunga mzigo, napiga picha stakabadhi, namtumia mteja pamoja na namba ya ofisi ya basi upande wa pili. Nauli ya mzigo ni ya mnunuzi, na hilo nalitaja kabla hajalipa.

Ndugu ni sura nyingine. Kila mmoja anaamini nakala yake ni ya bure. Nilitenga kumi za zawadi, nikaziandika kwenye hesabu kama gharama, na zilipokwisha nikasema zimekwisha. Shemeji yangu akaja na wazo: "Basi nitumie PDF tu, nisome kwenye simu." Faili hilo lipo kwangu, kwa mpangiliaji na kwa mchapaji tu, na hao wawili wameahidi kwa maandishi kutolitoa kwa mtu. Shemeji alinunua nakala mbili.