Kete Tatu za Bure

Jumamosi moja ya Julai 2008, saa nne asubuhi, ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima Loleza. Nilikuwa nashuka kwenda Mwanjelwa, Mbeya, na laptopu ya kuazima nimeifungia ndani ya koti. Ndani yake mlikuwa na kazi yangu ya miezi mitano: programu ya kucheza drafti.

Mwalimu aliyenisimamia chuoni alikuwa ameshaikataa. Mchezo si utafiti, alisema, andika mfumo wa mishahara kama wenzako. Iliniuma, na hadi leo naamini alikosea. Arthur Samuel wa kampuni ya kompyuta ya IBM alichapisha mwaka 1959 makala juu ya programu yake ya drafti iliyokuwa ikijinoa kwa kucheza na nafsi yake, na humo ndimo wengi walimojifunza kwamba mashine inaweza kufundishika. Na mwaka mmoja tu kabla ya Jumamosi yangu, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba drafti ya Waingereza na Wamarekani wameimaliza. Kazi waliyoianza 1989 ilithibitisha kuwa wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare. Habari hiyo niliisoma kwenye intaneti kafe hadi muda niliolipia ukakatika.

Ila drafti yao si yetu. Kwao kingi, yaani kete iliyofika mstari wa mwisho, anatembea hatua moja moja. Kwetu anaruka, yuko kona hii anakula kona ile. Uthibitisho wao haukutuhusu. Shamba letu lilikuwa bado pori, na mimi nilitaka kulilima.

Kijiwe chenyewe kilikuwa nyuma ya saluni. Ubao umechorwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plaiwudi, kete ni vizibo vya soda, vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi. Bingwa wa pale alikuwa fundi viatu, mzee wa kanisa la Moravian, ambaye sikuwahi kumwona akifungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hiyo inayocheza?"

"Ndiyo hii."

"Haya, iweke."

Kinyozi akatupitishia waya wa umeme dirishani. Mzee akicheza, naiambia mashine. Mashine ikijibu, namsogezea kizibo. Ilikuwa inatazama hatua kumi mbele, ikidhani kila mara kwamba mpinzani atachagua jibu litakaloiumiza zaidi, njia ambayo mwanahisabati Mmarekani, Claude Shannon, aliieleza kwa mchezo wa sataranji mwaka 1950. Mwisho wa kila njia inahesabu: kete pointi 100, kingi 300. Hesabu hiyo niliiandika mwenyewe na niliiamini kabisa.

Tulikwenda sawa kwa muda mrefu. Kisha mzee akasukuma kete moja mbele, wazi, haina mlinzi. Mashine ikala. Akasukuma ya pili. Ikala. Watu wakaanza kuguna. Akatoa ya tatu, nayo ikaliwa, na pale kwenye skrini hesabu ya kete zilizokwisha kuliwa ikaonyesha mashine inaongoza kwa pointi 300, moyo ukanienda mbio kwa furaha. Mzee akanyoosha mkono. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi kwa dawa ya viatu, hata kwenye mikunjo ya ngozi. Akala moja, mbili, tatu, kizibo kikigonga plaiwudi kwa kila mruko, na cha mwisho kikatua kwenye mstari wangu wa nyuma.

"Kingi," akasema, akakibandikia kizibo kingine mgongoni.

Baada ya hapo hakukuwa na mchezo tena. Alipomaliza, hakuinuka. Alirudisha vizibo vyote mahali vilipokuwa kabla ya zile kete tatu, bila kukosea hata kimoja, akaniita nisogee.

"Mashine yako ina njaa, mwanangu. Inahesabu kete. Mimi nahesabu njia. Tazama hizi zako tano za kushoto: zipo, lakini zina pa kwenda?"

Hazikuwa napo. Zilibanana pale kama watu kwenye mlango wa daladala. Mtego wenyewe alianza kuutega mapema, mbali kuliko hatua zangu kumi, kwa hiyo mashine haikuuona hadi ilipokuwa imeshachelewa. Kwake dunia iliishia pale hesabu ilipokoma, kama mtu anayeutazama Loleza akaamini nyuma yake hakuna kitu. Mtafiti Hans Berliner alikuwa ameshaueleza ugonjwa huo kwenye programu za sataranji, nami nilikuwa nimeusoma. Kuusoma na kuuona ukikula kete tatu ni vitu viwili.

Tukinywa chai ya tangawizi nikamsimulia habari za Marion Tinsley, Mmarekani, profesa wa hisabati na mhubiri, bingwa wa drafti aliyeishinda Chinook, programu ya Schaeffer, mwaka 1992. Mwaka 1994 walirudiana, wakatoka sare mara sita, kisha akajitoa kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka uliofuata akafariki. Mzee alikiweka kikombe chini.

"Mhubiri?"

"Mhubiri, mzee."

"Basi hawakumalizana," akasema, akanyamaza muda mrefu. Naamini alihuzunika kweli.

Wiki saba zilizofuata nilibadilisha mambo mawili. Mashine isikate hesabu katikati ya kulana. Iendelee hadi ubao utulie. Na kila upande uhesabiwe njia zake zilizobaki wazi, siyo kete peke yake. Uzito wa hizo njia niliutafuta kwa kuiacha icheze na nafsi yake usiku kucha. Umeme ukikatika, naanza upya.

Septemba nikarudi kijiweni. Mchezo wa kwanza nilifungwa tena. Wa pili, katikati, mashine ilifikiri sekunde nyingi kuliko kawaida, kisha ikaniagiza nisogeze kete ambayo ilikuwa wazi, haina mlinzi. Nikadhani nimeharibu programu. Nikaisogeza.

Mzee hakuigusa. Macho yake yalikwenda kushoto kwake, yakahesabu, yakarudi. Kwenye drafti kula ni lazima, na yeye hakuwahi kuvunja sheria. Akala. Kizibo hicho hakukichanganya na vingine. Alikiweka peke yake ukingoni mwa ubao, akamwambia kinyozi azime redio.