Nilivyopata waifai ndani ya karakana ya mabati

Mie nachomelea mageti na magrili hapa Chake Chake, upande wa Gombani, na karakana yangu ni bati tupu. Bati juu, bati pande zote nne, nguzo za chuma, mlango mkubwa wa kusukuma nao bati, kisichokuwa chuma mule ndani ni mie na vijana wangu wawili na zile bati mbili za plastiki za mwanga tulizoziweka kwenye paa ili mchana tusiwashe taa.

Nyumba iko nyuma tu, mita 40 hivi, na nyumbani kuna ruta ya laini ya 4G haina tabu kabisa, watoto wanaangalia katuni mpaka unawafukuza. Ukitia mguu karakana tu, kwishney. Na kazi hii siku hizi bila ya intaneti huifanyi, mteja yuko Unguja au yuko Oman anakutumia picha ya geti kaliona huko, "fundi nataka kama hili hili", khalafu kila baada ya siku mbili anataka video aone kazi imefika wapi. Nikawa natoka na mikono yangu ya masizi nasimama chini ya mwembe, natuma, narudi ndani. Hata simu ya kawaida ilikuwa haiingii, wateja wakaanza kusema ati nazima simu makusudi kwa sababu nshakula advansi yao. Ikafika pahala tukapiga msumari kwenye boriti chini ya bati la mwanga tukawa tunatundika simu pale, maana pale tu ndo inashika.

Sasa mtu mwenye akili zake angeshatia akilini hapo hapo. Mie nikenda dukani.

Dukani nikaambiwa chukua ripita, kile kidude cha kudaka waifai na kuirusha tena mbele, unaichomeka tu kwenye soketi basi, elfu hamsini na tano. Nikaichomeka ndani ya karakana karibu na mlango, na asubuhi ile waifai ikaja kweli, nikawa naringa mpaka nikampigia video mdogo wangu bila sababu. Mchana mvua ikashuka, tukavuta mlango, ikakata. Mvua ikaacha, tukafungua, ikarudi. Kijana wangu mmoja akanambia labda soketi inaingia maji, na mie nikamuamini, siku nne nzima nafungua ile soketi naifuta nairudisha.

Nina mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta Unguja. Nikampigia nikiwa nimesimama chini ya ule msumari, nikamueleza yote.

"Mjomba, mlango ukifungwa inakufa, ukifunguliwa inafufuka?"

Ehe.

"Na simu inashika chini ya bati la plastiki tu, pengine popote haishiki?"

Ehe.

Akacheka huyo, mpaka nikamwambia basi tena mwanangu, salio langu hilo. Akanambia mjomba ripita kazi yake kurudia inachokisikia, na wewe umeitia ndani ya debe ukafunga kifuniko, itasikia nini?

Ndo akanifahamisha kwamba mawimbi ya waifai hayatoboi bati, yakilifikia yanarudi yalikotoka kama mpira ukutani. Kuna Mwingereza akiitwa Michael Faraday mwaka 1836 alitengeneza chumba kizima kakivika chuma, akapiga umeme kwa nje, na kipimo chake kilichokuwa ndani hakikuonesha kitu. Nami nimejijengea chumba kama hicho kwa pesa yangu mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu vile vitundu vya misumari na nyufa, kwani havipitishi? Akanambia wimbi la ile waifai ya gigahezi 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12, la gigahezi 5 ni kama sentimita 6, kitundu cha msumari si chochote kwake.

Kwa hivo njia ni mbili. Ya kwanza utoe bati moja upande wa nyumba utie la plastiki, mawimbi yapite kama yanavyopita juu ya ule msumari. Rahisi, ila mie ndani nina mashine mbili za kuchomelea na grenda, na plastiki mwizi anaikata kwa kisu cha jikoni, nikaikataa. Ya pili usiyalazimishe mawimbi kabisa, uvute waya kutoka kwenye ruta ya nyumbani mpaka ndani ya karakana, halafu uko ndani ndo uweke kifaa cha kurusha waifai. Kebo ya netiweki inakwenda mpaka mita 100, mie mita 40 na ushei sina wasiwasi.

Kuchimba ndo kulikuwa na mambo. Njia inakatisha uwanjani, na uwanjani mama yangu anaanika karafuu na msimu umeshika, na kugusa jamvi la mama la karafuu afadhali ushike waya wa umeme wa ZECO. Ikabidi tuchimbe alfajiri baada ya sala, tulaze bomba la plastiki, tufukie, tupige fagio, akitoka na majamvi yake akute uwanja kama alivyouacha. Siku mbili hivo. Ya pili alituona, akasema tu "na mie simu yangu ishike huko chumbani", nikamwambia inshallah mama.

Sasa hapa kuna aibu yangu naisema tu. Kebo ya mwanzo niliyonunua ilikuwa rahisi mno, nikafurahi. Tukaipitisha bombani yote, tukabana vichwa vya kuchomekea kwenye ncha zake, ikawa inashika inaachia, kifaa kinawaka kinazimika. Mpwa wangu akanambia kwangua waya mmoja kwa kisu. Nikakwangua, rangi ya shaba ikatoka na ndani mweupe peee, aluminiamu imepakwa shaba! Mie fundi wa vyuma miaka kumi na tano nimeuziwa aluminiamu nikaambiwa shaba. Waya ule unakatika ukiukunja mara mbili tatu, na umeme unapotea njiani zaidi. Nikanunua nyengine ya shaba kweli, ya nje, ganda jeusi la kustahamili jua, tukaifunga kwenye mkia wa ile ya zamani tukaivuta bombani, kwa hiyo angalau hatukuchimba tena. Vichwa tukabana pande zote mbili kwa mpango mmoja wa rangi za nyaya za ndani: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukikosea moja unakaa siku nzima unalaumu ruta.

Kwenye bati nilitoboa kitundu kwa drili, nikatia mpira kwenye ukingo maana bati linakata ganda la waya polepole kila upepo ukitikisa, waya nikauacha uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya mpaka ndani, nikaziba na silikoni.

Umeme wa kile kifaa nao una habari yake. Karakana ukigusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma tu taa zinafifia, na kifaa chochote kidogo kinajizima na kuwaka upya, unasubiri dakika mbili, unagusisha tena, kinazima tena. Dawa yake ni kukilisha umeme kutoka nyumbani kupitia kebo ile ile ya netiweki. Nyumbani nimeweka ile betri ndogo ya ruta yenye tundu la kutoa umeme na data pamoja, volti 24, kwa hivo hata umeme ukikatika mtaa mzima waifai ipo karakana, sina cha kuchomelea lakini WhatsApp ipo. Angalia tu kifaa chako kinataka volti ngapi, kuna vya 24 na kuna vya 48, ukichanganya unaweza kukiunguza. Na radi zikianza masika nachomoa ncha zote mbili, waya mrefu baina ya majengo mawili haupendani na radi. Ningekuwa na pesa ningelaza faiba, ile ni kioo haipitishi umeme.

Kifaa tumekifunga katikati kwenye boriti ya juu, hakikugusana na bati, kinatazama chini. Jina na neno la siri ni lile lile la nyumbani, chaneli, yaani njia ya hewani ya waifai, nimetenganisha zisigongane, nyumbani namba 1, karakana namba 11, simu inahama yenyewe ukiingia. Na mule ndani inashika kila kona, kwa sababu mawimbi sasa yamefungiwa pamoja na sisi, na waifai za majirani haziingii kuja kutuvuruga.

Wiki ya kwanza safi. Wiki ya pili nimetoka kwenda Wete kupima geti la mtu, narudi nakuta waifai hakuna, hata ukikaa chini yake. Nikaanza upya na kebo, vichwa, betri, nikapanda ngazi mwisho. Kijana wangu kaona vumbi la grenda linaingia kwenye kifaa, akakichomelea kisanduku cha chuma. Kizuri walahi, kona zimekaa sawa, kakisugua kakipaka rangi, na kikufuli. Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Kifaa tumekihamishia kwenye ndoo ya plastiki ya rangi tuliyoiosha, na kile kisanduku tunatilia vijiti vya kuchomelea visishike unyevu.