Siku moja maishani mwangu: darubini kwenye matatu, Nakuru hadi Baringo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nakuru mwezi wa Juni ni baridi, nami niko sakafuni nakata sponji ya godoro kwa kisu cha jikoni. Kazi yangu ni kuzunguka na darubini: mchana shuleni, usiku kwenye kambi za wageni, halafu nauza picha za nyota. Nikisimamisha stendi ya miguu mitatu kando ya barabara, watu hunijia kuuliza shamba linalogawanywa ni la nani.

Sina gari. Darubini yangu ya kwanza ni ya kioo cha inchi nane, bomba refu karibu mita moja, na makonda wa njia ya Marigat waliitoza nauli kama abiria. Siku hizi hiyo ni ya shule za hapa mjini. Ya safari ni ndogo, lenzi ya milimita 60, inaingia kwenye begi la mgongoni. Wengi hudhani ukubwa ndio mpango. Kwa picha, mpango ni mota inayogeuza kamera kulifuata anga, nyuzi 15 kwa saa, bila kutikisika.

Saa mbili, kupanga. Laptopu inabaki nyumbani. Kuna kompyuta ya ukubwa wa kiganja ninayoiendesha kwa simu. Stendi ni fupi, nitafanya kazi nimekaa kwenye mkeka. Kinachonikera ni chuma cha mizani: kilo nzima inayosafiri hadi Baringo ili ining'inie tu upande wa pili, mota isielemewe. Na hapohapo nimebeba betri ya lithiamu yenye uzito karibu uleule. Basi betri na ining'inie.

Saa nne, jua kali, niko kwa fundi wa kuchomelea. Nataka kipande cha alumini cha kuifungia betri kwenye mota, tundu moja, bolti moja. Kazi ya dakika kumi.

"Kaa hapo madam, namalizia hii geti."

Geti likaisha. Likaja jiko la mtu. Ikaja stendi ya boda iliyokatika, na mwenye boda hangeweza kungoja kwa sababu ameacha mteja hospitalini. Mimi naweza kungoja, inaonekana. Saa tano na nusu fundi akatoboa tundu, safi kabisa, sina neno, kisha akachomeka bolti namba kumi.

"Fundi, hii siyo. Vitu vya kamera ni robo inchi."

"Ni ile ile tu. Ona, imeingia."

Kuingia, iliingia. Lakini ile namba kumi (namba hiyo ni ya spana) ina unene wa milimita 6, robo inchi ni 6.35, na nyuzi za bolti hizo mbili hazina mwendo mmoja. Ukiigusa inacheza. Mchezo huo jicho halioni, ila kwenye picha ya dakika moja kila nyota inatoka ndefu kama punje ya mchele. Nikamshikisha ajionee. Akasema tukaze zaidi. Nikamwambia tukikaza zaidi tutakula nyuzi za mota, na spea yake mimi huagiza ng'ambo. Akanitazama, akafuta mikono, akamtuma kijana wake dukani. Kijana akarudi na bolti nene isiyoingia popote. Akatumwa tena. Chai ikapita, nikanunua. Saa saba kasoro bolti ikaingia kwa vidole, laini, hadi mwisho. Fundi mwenyewe aliifungua na kuifunga tena na tena, uso umemkunjuka.

"Kumbe hii ni kazi ya kweli, madam."

Mia tatu, nikalipa bila kubishana.

Matatu ya saa nane. Begi mapajani. Konda akalitazama, akapita. Sijawahi kufurahia kupuuzwa namna ile. Mogotio tukavuka ikweta nikisinzia.

Ikweta nayo ina adha zake. Maelekezo ya mota hizi yanasema uelekeze mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo ninakokwenda, haifiki hata nyuzi moja kaskazini ya ikweta, kwa hiyo nyota hiyo imelala kwenye upeo, nyuma ya vilima na vumbi. Mhimili wenyewe unalala karibu bapa, na mkono wa mizani ukizunguka unataka kugonga miguu ya stendi. Ndiyo maana betri nimeifunga juu kabisa, karibu na mota. Nyota nisiyoiona naipata kwa programu: kamera inapiga picha, kompyuta inatambua nyota zilizomo, inaniambia nisogeze wapi.

Saa mbili usiku wageni wakaja. Omega Centauri ilikuwa juu kabisa ya kusini, rundo la mamilioni ya nyota umbali wa miaka ya nuru kama 17,000, na mzee mmoja akagoma kutoka kwenye darubini mpaka mkewe akamvuta. Mwingine alitaka nimsomee nyota yake ya mapenzi. Hiyo sifanyi, nikasema, na akadai apunguziwe bei.

Wakalala. Mimi nikabaki na Lagoon, wingu la gesi kwenye kundi la Mshale, picha ya dakika moja juu ya nyingine. Askari akapita kuniambia, "Mama, kiboko hupanda na hapo," akionyesha mkeka wangu. Nikasogeza mkeka, nikasogeza stendi, nikaanza kulenga upya. Macho yanawaka. Sijui ilikuwa saa ngapi. Nyota zilitoka duara, hadi za pembeni, na betri haikutikisika.

Kuzisafisha na kuziunganisha picha hizo ni kazi ya siku nzima nyingine, ambayo hakuna anayeilipia. Asubuhi, hata uji sijamaliza, yule wa nyota ya mapenzi ameshanitumia ujumbe: "Picha iko tayari?"