Tani inayokaa kiganjani

Juma lililopita mpwa wangu anayesoma kemia alinijia baada ya swala ya alasiri, tukakaa barazani kwetu Mji wa Kale, akanifungulia daftari lake. Alitakiwa kubadili tani moja ya mpimaji madini iwe daltoni, kipimo kidogo mno cha kupimia atomi, na kwa kuwa aliliona neno tani, alianza na kilo 1,000. Jibu lake likawa kubwa kuliko jibu sahihi kwa zaidi ya mara 34,000. Nilipomwambia kwamba tani hiyo ni gramu 29.1667 tu, alinitazama kama mtu anayetaniwa. "Mjomba, hii ni tani gani isiyojaza hata kiganja?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake limo katika wakia. Sisi wa pwani tumelirithi neno hilo kutoka Kiarabu, nacho kililipata kwa Wagiriki na Warumi, lakini wakia si moja. Wakia ya kupimia vyakula katika mizani za Kiingereza ni gramu 28.35, ilhali wakia ya masonara, inayopimia dhahabu na fedha, ni gramu 31.1035. Katika migodi iliyofuata vipimo vya Kiingereza, mawe yalihesabiwa kwa tani na dhahabu iliyomo kwa wakia za masonara, hivyo utajiri wa mwamba ukaelezwa kwa wakia ngapi katika kila tani. Tani fupi ya Marekani, yenye ratili 2,000, ina wakia za masonara 29,166.67. Wapimaji wakachukua tarakimu hizo hizo wakazifanya miligramu: ukipima miligramu 29,166.67 za unga wa mawe, kila miligramu moja ya dhahabu utakayoipata inasimama badala ya wakia moja katika tani nzima. Unasoma mizani na jibu unalo, bila kuzidisha wala kugawanya. Kwa watu waliopima makumi ya sampuli kwa siku, kabla ya kikokotoo, huo ulikuwa werevu mkubwa.

Kwa bahati tu, kipimo hicho kinakaribia sana tola mbili na nusu, kwa kuwa tola ni gramu 11.6638. Sonara yeyote aliyezoea mizani ya tola angeweza kukukadiria tani ya mpimaji bila kujua kwamba inaitwa hivyo.

Hapa ndipo nilipowahi kuteleza mimi mwenyewe nilipokuwa kijana katika maabara. Ipo tani nyingine, tani ndefu ya Uingereza yenye ratili 2,240, na tani yake ya mpimaji ni gramu 32.6667. Nilinakili hesabu za taarifa moja ya zamani nikidhani ni tani fupi, kumbe ni ndefu, na ripoti nzima ikapotoka kwa asilimia 12. Hakuna mizani itakayokufichulia kosa la namna hiyo, maana uzito ulipimwa sawasawa. Kilichokosewa ni jina.

Daltoni nayo imebuniwa kwa ujanja wa aina ile ile, na hilo ndilo nililotaka kijana alione. Daltoni moja ni sehemu moja ya 12 ya tungamo la atomi ya kaboni-12, yaani gramu 1.66054 × 10⁻²⁴. Atomi ya dhahabu ina daltoni 196.967, na moli moja ya dhahabu, yaani fungu la atomi zenye idadi maalumu, ina gramu 196.967: tarakimu zile zile, kipimo tofauti, hesabu imeepukwa. Tangu mwaka 2019, namba ya Avogadro, yaani idadi hiyo ya moli moja, ilipowekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, ulinganifu huo umeacha kuwa kamili kwa mujibu wa fasili, ingawa tofauti haizidi sehemu chache katika bilioni na haimhusu mtu anayepima mawe.

Basi njia ya kutoka kipimo kimoja hadi kingine ni kupitia gramu. Gramu 29.1667 ukizigawanya kwa 1.66054 × 10⁻²⁴ unapata daltoni 1.7565 × 10²⁵. Kwa tani ndefu ni 1.9672 × 10²⁵. Mpwa wangu aliandika haraka akataka kufunga daftari, nikamzuia, kwa sababu hesabu yenye faida ilikuwa bado.

Tuseme mpimaji ameyeyusha tani moja fupi ya mpimaji pamoja na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano kidogo. Unga wa ngano huifanya sehemu ya oksidi irudi kuwa risasi, nayo risasi huzama ikiwa imebeba dhahabu na fedha. Risasi hiyo huchomwa katika kikombe cha majivu ya mifupa kinachoinyonya, fedha huondolewa kwa asidi ya nitriki, na punje inayobaki ina miligramu 0.35. Mwamba huo una wakia 0.35 kwa tani fupi, sawa na gramu 12 kwa tani ya kilo 1,000, na ndani ya punje hiyo isiyoonekana vizuri mna atomi 1.07 × 10¹⁸ za dhahabu.

Gramu 12 kwa tani ni sehemu 12 katika milioni kwa tungamo. Je, ni atomi 12 katika kila atomi milioni? Kijana alisema ndiyo. La. Ikiwa jiwe lenyewe ni kwazi tupu, atomi zake za silikoni na oksijeni zina wastani wa daltoni 20 hivi, na atomi ya dhahabu ni nzito karibu mara kumi kuliko hizo. Kwa hiyo katika kila atomi milioni kuna ya dhahabu moja na ushei tu. Alirudia kugawanya mara tatu kabla ya kukubali, kisha akarudi juu ya ukurasa na mbele ya neno "tani" akaandika "fupi, ya mpimaji".