Nilivyochagua mbegu za viazi vya futari

Nyuma ya nyumba yetu Mwera kuna kipande cha ardhi ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha kuku na magugu. Ni kichanga chepesi, jembe linaingia bila taabu, na mvua ikinyesha maji hayatuami. Mwanangu mkubwa alitaka tupande mbatata, maana kwake yeye chakula ni chipsi. Hilo nililitoa mapema. Mbatata tunazokula Unguja zinavuka bahari kutoka Njombe, Mbeya na Lushoto, kwenye milima ya baridi, na si kwamba sisi wavivu. Mbatata inataka usiku wa nyuzi 15 hadi 18 hivi ili iweke kiazi vizuri. Kwetu hata kipupwe, usiku joto linacheza kwenye nyuzi 20 na zaidi. Utapata majani ya kupendeza, ukichimbua unakuta vigololi. Ziko mbegu zilizozalishwa kwa ajili ya joto, Unica ni mojawapo, lakini kuvumilia si kupenda, na mimi sikuwa na eneo la kufanyia majaribio ya watu. Nikageukia viazi vitamu.

Haja yangu ilikuwa moja: viazi vya futari. Mwezi wa Ramadhani ukishaandama, fungu la viazi pale sokoni Mwanakwerekwe linapungua viazi na bei inapanda, na nyumba yetu haifuturu bila viazi vya nazi. Haja hiyo ndiyo iliyonisaidia kuchagua, kwa sababu watu wengi nilioongea nao walikuwa wakiniambia mbegu gani inazaa sana, na mimi nilikuwa nauliza inazaa lini.

Viazi vitamu vingi hukomaa kati ya miezi mitatu na mitano tangu kupandwa. Anayelima eka nzima kwa kuuza anaweza kuchimba kidogokidogo, wiki hii tuta hili, wiki ijayo lile. Mimi nina mwezi mmoja wa kutaka viazi, na mwezi wenyewe hautulii, kila mwaka unarudi nyuma siku 10 au 11. Miaka hii Ramadhani iko Februari, na mwaka 2028 tutaanza kufunga mwishoni mwa Januari. Mvua za vuli zinaanza Oktoba. Hesabu basi: ukipanda katikati ya Oktoba mbegu ya miezi mitano, unachimba katikati ya Machi, Ramadhani inaishia au watu wameshakula Idi. Ya miezi minne inafika Februari, inatosha kwa sasa. Huko mbele, Ramadhani ikizidi kurudi, itabidi ama mbegu ya miezi mitatu ama kupanda Septemba kwa kumwagilia. Na usifikiri utapanda mapema kisha uviache tu ardhini vikusubiri. Jua la kaskazi, msimu wa joto unaofuata vuli, linapasua ardhi, na mdudu wa viazi, yule fukusi mdogo mwembamba anayefanana na sisimizi, anapita kwenye nyufa hizo hadi kwenye kiazi na kutaga. Kiazi alichoingia kinanuka na kinakuwa kichungu, hata ukikichemsha uchungu hautoki.

Nilianza kuuliza kwa shangazi yangu anayelima Donge. Yeye hupanda viazi bondeni baada ya kuvuna mpunga, ardhi ikiwa bado na unyevu wake, na mbegu zake anazo tangu sijazaliwa.

“Shikamoo shangazi. Na hii inaitwaje?”

“Marahaba mwanangu. Hiyo sisi tunaiita ya bondeni. Kwani wewe unataka jina au unataka kiazi?”

Nilimwelewa baadaye. Mbegu ileile niliikuta Jumbi ina jina jingine, na huku kwetu jina la tatu. Kwa hiyo nikaacha kuandika majina, nikawa naandika ninachokiona: jani limechanika vidole au ni pana, mti wa kijani au una wekundu, ganda la kiazi jekundu au jeupe, nyama yake rangi gani. Ukifanya hivyo hutachukua mbegu moja mara mbili ukidhani ni mbili.

Shangazi alinifundisha pia kuitazama mbegu yenyewe, yaani kipande cha mti wa kiazi kinachopandwa, kabla ya kuikata, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mbegu nzuri iliyochukuliwa kwenye mti mgonjwa ni sawa na bure. Aliinama, akageuza jani, inzi weupe wadogo wakaruka. “Hawa ndio wanaoleta,” akasema. Inzi weupe na vidukari ndio wanaobeba virusi vya viazi, na mti ukikutwa na vya aina mbili kwa pamoja unadumaa, majani yanakuwa membamba, yamekunjamana, na rangi imefifia kuwa manjano. Mti wa namna hiyo unaweza kukupa viazi viwili vyembamba kama haukukosa kabisa, na kila kipande utakachokata unahama na ugonjwa wake. Kwa hiyo tulipita tuta kwa tuta tukichagua miti iliyonawiri, na kila mti tulikata sehemu ya nchani tu, kiasi cha sentimita 30. Kule chini karibu na shina mti ni mgumu, unachelewa kushika, na ndiko mdudu hupenda kutaga. Tulizifunga kwenye kanga iliyoloa, nikapanda nazo daladala.

Nilirudi na aina mbili. Moja ina jani la vidole, ganda jekundu, nyama nyeupe. Nyingine ina jani pana la kijani kibichi, ganda jeupe, na shangazi alisema inakimbia, miezi mitatu unachimba. Ya tatu niliipata kwa kikundi cha akina mama huku kwetu: kiazi lishe, kile chenye nyama ya rangi ya machungwa, aina ya Kabode, iliyotolewa kwa wakulima Uganda mwaka 2007. Viazi hivi vina sifa yake. Watafiti waliovihangaikia walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, kwa kuwa rangi ile ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na gramu 125 tu, kiazi kidogo, zinamtosha mtoto mdogo kwa siku. Vitamini hiyo inahitaji mafuta ili mwili uipokee, na tui la nazi ni mafuta. Sikuhitaji kushawishiwa zaidi.

Nilipanda kila aina tuta lake, siku moja, umbali wa sentimita 30 kati ya mti na mti, theluthi mbili ya kipande imefukiwa. Kazi iliyobaki ilikuwa palizi na kupandishia udongo kila ufa ulipoonekana.

Jikoni ndipo mambo yalipojipambanua. Kwa futari yetu viazi hukatwa mapande, vinachemshwa kwa tui jepesi na chumvi kidogo, halafu kasimile (tui zito), sukari na hiliki vinaingia mwishoni. Kiazi cha maji hakistahimili hapo. Ile ya jani pana, iliyokimbia kweli na kuweka viazi vikubwa vya kutisha, ilifumuka sufuriani ikawa uji; ladha haikuwa mbaya, ila mume wangu aliuliza kama leo tuna futari au tuna supu. Ya jani la vidole ina unga. Pande linabaki pande, nje limeshika tui, ukilibonyeza kwa kijiko linameguka kavu, na kasimile inaingia ndani yake. Kabode ilikaa katikati: laini kuliko ile nyekundu, lakini pande halikuvunjika, na watoto waliigombania kwa rangi yake. Ilihitaji sukari kidogo tu. Nasikia watu wakisema viazi lishe vyote ni maji, na zipo aina za hivyo, hii si mojawapo.

Ilibaki suala la mbegu ya mwaka unaofuata, ambalo kwangu lina uzito sawa na ladha. Kati ya Januari na Machi kichanga chetu kinakauka, na mti usiovumilia jua unakufa na mbegu imepotea. Ile nyekundu iliistahimili kaskazi pembeni ya mgomba bila kuhudumiwa. Kabode ilinyong'onyea. Niliinusuru kwa kuotesha vipande karibu na karo, maji ya kuoshea vyombo yanapopita, na pia niliweka viazi vyake vidogo vizima, visivyo na tundu la mdudu, kwenye beseni la mchanga mkavu kivulini. Vikichipua unavihamishia kwenye kitalu cha kumwagilia wiki sita hadi nane kabla ya mvua, na mvua zikianza una mbegu za kukata.

Sasa zaidi ya nusu ya eneo ni nyekundu ya jani la vidole, iliyobaki ni Kabode. Ile ya jani pana nimeibakishia tuta moja karibu na mlango wa jikoni kwa ajili ya matembele. Majani yake ni laini, yanaiva haraka, na kwa kuwa kuchuma sana kunapunguza viazi, ni afadhali nichume kwenye mti ambao viazi vyake sivitaki.