Nimeacha benki, sasa hivi mimi ni fundi saa

Wengi mmenipigia mnauliza kama ni kweli, ndio ni kweli, kaunta ya benki nimeiacha nikiwa na miaka 46 na sasa hivi niko kibarazani huku Majengo, Dodoma, na kimeza changu cha kioo natengeneza saa. Sikufukuzwa wala siumwi. Nilitaka tu kazi ambayo ikiisha naiona imeisha, kule unafunga mahesabu jioni kesho foleni ni ileile.

Mzee aliyenifundisha hakunigusisha saa ya mteja kwa muda mrefu sana, alinipa saa ya kengele iliyokufa zamani, fungua, panga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka, funga, haya fungua tena. Skrubu za saa ya mkononi sasa, zingine ni ndogo kuliko punje ya ulezi, ikiruka unapiga magoti na tochi, na sumaku mzee hataki hata kuiona mezani. Mwanzoni sikuelewa kwa nini anaichukia hivyo.

Nikaja kuelewa siku amekuja kaka mmoja katokea Mpwapwa na Seiko 5 ya marehemu baba yake. Tukasalimiana Kigogo, mbukwenyi, mbukwa, akakaa. Saa inakimbia, kwa siku inapita karibu nusu saa, na kaambiwa huko mitaani haifai tena anunue nyingine. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaweka lensi jichoni. Saa ile ndani ina gurudumu linalokwenda na kurudi, inapiga mara 6 kwa sekunde, na linashikwa na springi nyembamba kama nywele iliyojiviringisha, sasa mizunguko yake ilikuwa imegusana upande mmoja, ikishikana hivyo springi inakuwa fupi na saa lazima ikimbie. Nikamuuliza, kaka usiku unaiweka wapi? Juu ya spika ya redio. Basi ni sumaku iliyo ndani ya spika! Nikaipitisha kwenye kimashine cha kutolea sumaku, sekunde chache tu, mizunguko ikaachana, ikaanza kupumua vizuri. Hakuna kifaa kilichobadilishwa hata kimoja. Yule kaka aliivaa palepale akawa haondoki, anaiangalia tu, na mimi nilifurahi siku nzima jamani.

Kuhusu macho, maana ndo mnaloniuliza sana. Kweli ukivuka 40 lensi ya jicho inakuwa ngumu na vitu vya karibu vinafifia, hata mimi kusoma sms bila miwani siwezi. Ila lensi ya fundi inakuza mara nyingi, kijana na mtu mzima wote wanaona kilekile, kinachobaki ni mkono na subira, na subira ninayo zaidi sasa kuliko nilipokuwa na miaka 25.

Adui hapa kwetu ni vumbi. Kiangazi upepo wa Dodoma mnaujua, kwa hiyo mashine za saa nafungua asubuhi mapema kabla haujaanza, sakafu namwagia maji, na nikiinuka hata kidogo nafunika kila kitu na glasi, chembe moja kwenye gia inatosha kusimamisha saa.

Wengine wakifika wanauliza fundi yuko wapi, nawaambia ndo mimi, karibu kiti, na siku nyingine wanarudi tena.

Kazi nyingi lakini ni betri, saa za kwatzi, zile ambazo ndani kuna kijiwe kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde ndo kinahesabu muda. Na hizi ndo zinazoniuma, watu wanaziacha kwenye droo miaka na betri imeisha ndani, inavuja, ile maji inakula saketi, mtu ananiletea saa ya harusi yake hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo kama unayo nyumbani imesimama na huivai, ilete betri itolewe hata kama huna hela ya kuweka mpya, kutoa sichaji.